Uzi maalum: Kufunga redio mpya kwenye gari lenye spika za JBL au Bose za kiwandani

Solda_Ilala

Wakuu, habari zenu.

Magari mengi tunayoagiza Japani yanakuja na redio ya Kijapani na FM inayoanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo redio ni kati ya vitu vya kwanza kubadilishwa gari likishatoka bandarini. Kwenye gari lenye spika nne za kawaida kazi ni nyepesi: chomeka hanesi (fungu la nyaya lenye soketi), funga fremu, umemaliza. Likija gari lenye maandishi ya JBL au Bose kwenye wavu wa spika, mambo yanabadilika. Redio inawaka, picha ipo, sauti hakuna. Au sauti ipo ila inakwaruza kuanzia volyumu ya 3. Hapo mwenye gari anaambiwa spika zimekufa, zinang'olewa spika nzuri na kuwekwa za bei poa. Inauma sana kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi spika ni nzima kabisa.

Kwenye magari haya redio ya kiwandani haisukumi spika. Inatoa ishara ndogo tu kwenda kwenye amplifaya iliyofichwa chini ya siti, nyuma ya deshibodi au ubavuni mwa buti, na amp ndiyo inayosukuma spika. Amp hiyo inataka umeme wake (tayari upo na una fyuzi yake, usivute waya mpya kutoka kwenye betri), inataka ishara ya kiwango chake, na inataka volti 12 za kuiamsha.

Kwa hiyo kabla hujanunua redio, jua kwanza amp yako inapokea nini. Chomoa redio ya zamani, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pima jozi moja ya waya za sauti upande wa gari. Ukisoma kati ya omu 3 na 4, umefika kwenye spika moja kwa moja, hakuna amp katikati. Ukisoma maelfu ya omu, hiyo ni ingizo la amp. Kipimo cha pili, redio ya zamani ikiwa imechomekwa na inawaka: weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye bodi (chuma cha gari), mwekundu kwenye waya wa sauti. Ukikuta karibu volti 6 kwenye kila waya wa jozi, redio inasukuma spika yenyewe. Ukikuta karibu na sifuri, ni ishara ndogo.

Kuhusu zile volti 6: redio za leo zinasukuma spika kwa pande zote mbili, chanya na hasi, na kila upande unakaa kwenye nusu ya volti za betri. Ndiyo maana waya wa hasi wa spika haugusishwi bodi hata kidogo. Ukiugusisha, redio inajifunga au chipu inaungua.

Ngara254

Ongeza hapo kitu kimoja, boss. Pini za nyuma ya redio ziangaliwe vizuri. Kwenye michoro ya Toyota utaona +B, ACC, ILL+, GND, halafu FL, FR, RL, RR. Ukikuta pia jozi iliyosokotwa yenye majina TX+ na TX-, huo ni mtandao wa AVC-LAN, ambao vifaa vya sauti vya Toyota huongea kupitia huo. Kama jozi hiyo inakwenda hadi kwenye amp, kuna uwezekano mkubwa kwamba amp inapokea amri za volyumu na besi kupitia hapo. Volti 12 peke yake haitoshi. Amp ya aina hiyo unaipa adapta inayoongea AVC-LAN, au unaiacha na kufunga amp nyingine.

Na wenye Mercedes W211 au BMW E60 na E90 zenye skrini kubwa, hamko kwenye uzi huu kabisa. Huko sauti inapita kwenye nyaya za mwanga za MOST, zimeungana kama duara. Ukichomoa kifaa kimoja bila kufunga duara, vyote vinanyamaza. Nunua redio inayokuja na boksi la kusoma MOST la gari lako, vinginevyo acha.

Mwanahamisi_Tanga

Asanteni. Swali: nimepewa redio ya Android yenye hanesi ya Toyota, soketi ya pini 10 na ya pini 6. Inaingia bila shida kwenye gari langu lenye JBL. Si ina maana inafaa?

Solda_Ilala

Dada Mwanahamisi, soketi kuingia hakusemi chochote kuhusu pini. Umbo linaweza kuwa lilelile na nafasi za waya za sauti zikawa tofauti, au zikawa zilezile lakini zinakwenda kwenye amp. Pima pini moja moja kabla ya kuwasha. Rangi za hanesi ya redio mpya ndizo unazoweza kuziamini zaidi: njano ni betri ya kudumu, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni ethi (hasi inayokwenda kwenye bodi), bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amp, bluu tupu ni ya antena, ya machungwa ni taa za usiku. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, mbele kulia kijivu, nyuma kushoto kijani, nyuma kulia zambarau, na kila yenye mstari mweusi ni hasi. Hata hivyo, soma karatasi ya redio, maana redio za bei ndogo hazifuati kila mara. Rangi za upande wa gari usizikariri. Zipime.

Sasa njia zenyewe.

Njia ninayoipendelea ni kutumia RCA, zile tundu za duara nyuma ya redio zinazotoa ishara ndogo ya sauti. Unaacha waya nene za spika za redio bila kuziunga, kila ncha imefungwa tepu peke yake, na unachukua ishara kwenye tundu za RCA. Unakata waya za RCA upande mmoja, unaunga pini ya katikati na chanya ya chaneli, na ganda la nje na hasi ya chaneli ileile. Mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, jozi nne. Waya wa bluu na nyeupe unakwenda kwenye pini ya kuamsha amp. Kama kiwandani waya za ishara zimezungushiwa waya wa ngao, acha ngao ilivyo, imeshikwa ethi upande mmoja tu. Ukiishika pande zote mbili umejitengenezea mvumo.

Angalia volti za RCA kwenye karatasi ya redio. Amp ya kiwandani haina skrubu ya geini (ya kupandisha au kushusha ishara inayoingia). Redio yenye RCA ya volti 4 kwa kawaida inatosha. Ya volti 2 au pungufu utaona volyumu inafika mwisho na muziki bado uko chini, na hapo itabidi uweke kifaa cha kupandisha ishara katikati.

Mzee wa Omu

Redio nyingi za Android za bei ndogo zina RCA mbili tu, au zina nne lakini dhaifu. Hapo ndipo inapotumika njia ya pili, kibadilishi cha kushusha ishara ya spika kuwa ya RCA. Kina waya nne au nane za kuingia, RCA za kutoka, na skrubu za kurekebisha. Bila hicho, ishara ya spika ya volti kadhaa inaingia kwenye ingizo linalotarajia kidogo tu, na ndiko unakotoka ule ukwaruzaji wa volyumu ya 3 pamoja na mvumo kama wa upepo hata wimbo ukisimama.

Kukirekebisha: geuza skrubu zote hadi chini. Weka bass na treble za redio sifuri, panda volyumu hadi robo tatu, cheza wimbo ulio safi. Pandisha skrubu polepole hadi usikie sauti inaanza kuchubuka, kisha rudisha nyuma kidogo. Hapo iache.

Kimara_Mwisho

Kwa nini tujisumbue? Wengi wanaruka amp kabisa. Nenda kwenye soketi ya amp, unga waya zinazoingia na zinazotoka, redio isukume spika moja kwa moja.

Mzee wa Omu

Kaka, ninakuelewa, na kwenye magari machache inafanya kazi. Lakini kuna mambo ambayo mtu lazima ayapime kwanza.

Spika za mifumo hii mara nyingi ni za omu 2, na za Bose zinaweza kuwa chini ya hapo. Redio za kawaida zimeandikwa nyuma omu 4 hadi 8. Omu ikishuka nusu, mkondo unapanda maradufu, chipu inachemka, na ukipandisha volyumu redio inazima au inajiwasha upya. Mwenye gari anadhani redio ni mbovu.

Kubwa zaidi, ugawaji wa sauti umo ndani ya amp. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inapewa sauti hizo tu na amp yenyewe, huenda haina hata kapasita nyuma yake. Ukiipa sauti nzima, besi inaichoma, pengine siku hiyohiyo. Ukilazimika kuruka amp, weka kapasita isiyo na chanya na hasi kwa kila twita. Kwa twita ya omu 4, kapasita ya mikrofaradi 10 inakata karibu na hezi 4000, ya mikrofaradi 4.7 inakata karibu na hezi 8500. Kwa twita ya omu 2, unahitaji mikrofaradi 20 kupata hezi 4000 zilezile. Sabwoofa na spika ya katikati ya deshibodi zitanyamaza, kwa sababu zilikuwa zinatengenezewa sauti na amp kutoka kwenye chaneli nyingine.

Na wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikudanganye. Angalia fyuzi ya nyuma ya redio. Fyuzi ya ampea 10 kwa volti 14 ni wati 140 zinazoingia, na chipu za aina hii kwa sauti kubwa zinapoteza karibu nusu kama joto. Gawa kinachobaki kwa spika nne, unapata chini ya wati 20 kila moja. Amp ya kiwandani iliyo nzima inakupa zaidi ya hapo, na imerekebishwa kwa spika zake hasa.

Kimara_Mwisho

Nimekuelewa mzee wangu. Ya twita sikuwa ninaijua.

msafiri_mtwara

Wakuu, mimi tayari nimeunga RCA na waya wa bluu na nyeupe. Muziki mzuri injini ikiwa imezimwa. Nikiwasha injini kuna mlio mwembamba unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Nimebadilisha RCA, bado.

Solda_Ilala

Huo ni mlio wa oltaneta, unaingia kupitia ethi. Usikimbilie kununua kile kichujio cha RCA, kinaficha tatizo na vingi vinakula besi.

Anza hivi. Injini ikiwaka na muziki ukiwa juu, pima volti za DC kati ya bodi ya redio na hasi ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.1 hivi, ethi ya redio ni dhaifu. Waya mweusi wa hanesi upeleke kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Skrubu ya fremu ya plastiki haikupi ethi ya maana.

Ethi ikiwa safi na mlio bado upo, zima kila kitu, chomoa RCA, pima omu kati ya ganda la tundu la RCA nyuma ya redio na bodi ya redio. Inatakiwa isome karibu sifuri. Ikisoma wazi kabisa, njia ya ethi ya RCA ndani ya redio imekatika. Redio nyingi za Pioneer, kwa mfano, zina fyuzi ndogo sana kwenye njia hiyo, na inakatika mtu akichomeka au kuchomoa RCA umeme ukiwepo, au amp ikiwaka wakati ethi ya redio haijaungwa. Suluhisho la haraka: chukua waya mwembamba, zungushia ganda la RCA moja, upande wa pili ufunge kwenye skrubu ya bodi ya redio. Mlio ukikata hapo hapo umepata jibu. Suluhisho la kudumu ni kufungua redio na kuunganisha njia hiyo kwenye bodi ya saketi ya ndani.

Ndiyo maana kwenye kazi hii RCA na ethi huungwa kwanza, betri ikiwa imechomolewa, na umeme unafuata mwisho.

msafiri_mtwara

Ganda la RCA linasoma wazi, mita haisogei kabisa. Nimeweka waya kama ulivyosema, mlio umepotea. Shukrani sana mkuu.

Ngara254

Safi. Kuhusu betri, wenye redio za Toyota za Kijapani zenye ramani: nyingine zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai namba ya ERC (ya kuifungua) au kadi ya ramani. Kama una mpango wa kuirudisha siku moja, tafuta namba yake kabla ya kuchomoa. Na ukishachomoa hasi, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya karibu na usukani, kwa ajili ya eabegi.

Swali langu kwa mafundi: waya wa kuamsha amp, kwa nini nisiuunge tu na waya mwekundu wa swichi? Redio yangu haina waya wa bluu na nyeupe.

Solda_Ilala

Itawaka, ila amp itakuwa imeamka kabla redio haijatulia, na itabaki macho redio ikizima. Utasikia kishindo kila ukiwasha na kuzima gari, na kishindo hicho kinapiga koni za spika kila siku. Redio za Android ndizo zinazosumbua zaidi kwa sababu zinachukua sekunde kadhaa kuamka. Tafuta waya wa bluu wa antena kwenye hanesi yako. Kwenye redio nyingi za Android unatoa volti 12 muda wote redio ikiwaka. Kwenye redio nyingine unatoa volti wakati wa FM tu, ukihamia Bluetooth amp inalala. Pima ukiwa kwenye kila chanzo kabla ya kuamua.

Waya huo hauna nguvu kubwa, kwa kawaida si zaidi ya miliampea 300 hadi 500. Kama unaamsha amp, antena na kitu kingine pamoja, tumia rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo): waya wa bluu kwenye pini 86, ethi kwenye 85, umeme wa betri wenye fyuzi kwenye 30, na unaotoka kwenda kwenye amp na antena kwenye 87.

Mwanahamisi_Tanga

Nimepima kama mlivyosema, ni amp kweli, naona maelfu ya omu. Hakuna TX kwenye waya za amp. Nimeunga RCA na bluu-nyeupe, sauti imetoka spika zote. Mambo mawili yamebaki: besi ni nyepesi kuliko zamani, na FM inashika mjini tu.

Mzee wa Omu

Besi kwanza. Ikipungua ghafla baada ya kuunga upya, kuna chaneli moja iliyogeuzwa chanya na hasi. Koni moja inatoka wakati nyingine inaingia, besi zinauana katikati. Peleka balansi yote kushoto, sikiliza, kisha kulia. Kama kila upande peke yake una besi nzuri kuliko pande zote mbili pamoja, umelipata. Geuza waya za chaneli moja tu ya mbele, rudia. Kama haijatulia, rudisha na ujaribu ya nyuma.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya redio, zima kichujio cha kukata sauti za chini kama kimewashwa, zima loudness, weka ekolaiza tambarare. Amp ya kiwandani ina marekebisho yake ndani. Ukirundika ekolaiza ya redio juu yake, sauti inavimba sehemu moja na kupotea nyingine.

Ngara254

Ya FM ni antena. Magari mengi ya Japani yana antena kwenye kioo au ile fupi ya juu ya paa, na ndani yake kuna kikuza ishara kinachotaka volti 12. Redio ya zamani ilikuwa inakipa umeme. Tafuta waya wa antena upande wa gari, ANT kwenye mchoro, uunge na waya wa bluu.

Angalia pia eneo la redio kwenye mipangilio. Ikiwekwa Marekani, inaruka hatua ya 0.2 kwenye desimali za witiri tu: 87.9, 88.1, 88.3. Capital ya Nairobi iko 98.4, hutaikuta hata ukizungusha mpaka kesho. Weka Ulaya, hatua zitakuwa ndogo na stesheni zote zitaingia.

Mwanahamisi_Tanga

Balansi imeonyesha wazi, mbele kulia ilikuwa imegeuzwa. Besi imerudi. Kesho nashughulikia antena. Maungio je, nichomelee kwa risasi au nibane kwa vibanio?

Solda_Ilala

Kubana kwa koleo lenyewe la kubania ni bora kwenye gari, kwa sababu waya uliochomelewa unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa barabara unaukata hapohapo. Ukichomelea, weka mpira wa kusinyaa unaopita ungio pande zote mbili na funga hanesi isining'inie. Kusokota waya na kuzungushia tepu, hapana. Joto la deshibodi linayeyusha gundi, tepu inateleza, na waya wa njano ukigusa bodi fyuzi inakwenda.

Kabla ya kurudisha fremu, jaribu kila kitu: volyumu, balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma) kila kona, vitufe vya usukani, kamera ya nyuma ukiwa kwenye rivasi, taa za usiku. Kisha zima gari, funga milango, acha dakika 30, na pima mkondo kwenye hasi ya betri mita ikiwa kwenye ampea 10. Unganisha mita kabla hujachomoa terminali ili umeme usikatike, na usiwashe swichi mita ikiwa hapo. Gari nyingi zikilala zinakula chini ya miliampea 50. Ukiona mamia, chomoa fyuzi ya redio uone kama inashuka. Ikishuka, redio hailali. Angalia kwanza kama njano na nyekundu hazijabadilishana au kuungwa pamoja, kisha mipangilio ya kulala ndani ya redio.